Mlalo wa Fimbo za Chirau

Shimoni,
9 Februari 1957

Ndugu yangu Zahoro,

Barua hii ikukute na afya, na baridi ya huko isikuzidi nguvu. Hapa sote tunapumua, Alhamdulillahi. Shangazi Mwanamkuu anakusalimu na anauliza kama kweli Nairobi watu hulala na blanketi mbili, maana yeye haamini. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Mmoja tumempa jina lako kwa sababu hashibi. Mimi nipo vile vile tangu nirudi kwa Baba. Yule aliyeniacha nasikia ameoa tena huko Vanga, Mungu awape subira wote wawili.

Sasa nisikilize. Jumatatu alikuja mtu kwa baiskeli kutoka Diani, na mgongoni amebeba mfuko mrefu kama wa mganga. Jina lake Chirau, Mdigo. Ni mkata nyasi wa Bwana Kidevu, yule Mzungu mwenye shamba la minazi aliyejitengenezea kiwanja cha gofu mle mle ndani ya minazi. Huyu Chirau pia ndiye mkubwa wa wabeba fimbo, na Bwana Kidevu amempa fimbo tisa za chuma zilizoachwa na Mzungu mmoja mfupi aliyerudi kwao. Chirau ni mrefu, Zahoro. Alipoinama mlangoni kwetu nilidhani hataisha kuingia.

Taabu yake ni hii: kila akiupiga mpira, unakwenda mkono wa kulia, kwenye mikonge. Hata awe amesimama vipi. Ameambiwa kuwa fimbo hizo hazikukatwa kwa kimo chake na zinahitaji kupindwa shingoni, lakini fundi wa kuzipinda hapa pwani ya kusini hayupo. Akasikia Shimoni kuna mhunzi. Mwezi wa nane kutakuwa na mashindano ya wabeba fimbo, wa Diani na wa Mombasa, na atakayecheza vizuri Bwana Kidevu atamfanya mwalimu wa wageni wake. Chirau amekata nyasi miaka tisa. Aliniambia, "Nimechoka kuuona mchezo huu kutoka chini."

Alimsalimia Baba pale barazani, na Baba akamtazama. Basi tumepokea kazi. Lakini huku hakuna aliyewahi kuipinda fimbo ya gofu, na wewe ulipokuja likizo mwaka juzi ulisema ndiyo kazi yako ya kila siku. Tueleze. Andika kwa kirefu, usiandike kwa majivuno.

Baba anakusalimu. Safari hii hakutia mstari wake mwishoni, mkono una kazi.

Dada yako,
Tumu


Nairobi,
3 Machi 1957

Dada Tumu,

Shikamoo, na umpe Baba shikamoo yake kabla hujasoma zaidi. Mimi mzima, isipokuwa mafua. Mwambie Shangazi blanketi ni tatu. Huyo mbuzi namtaka nitakaporudi awe hai, jina langu lisiliwe na wageni.

Nimefurahi mno kwamba kazi ya gofu imefika Shimoni. Umeuliza mtu hasa! Karakana yetu hapa kwenye kilabu inapokea fimbo za Wazungu wakubwa wakubwa, na Bwana wangu, yule mwembamba tunayemwita Bwana Sindano, haruhusu fimbo iondoke mpaka ilingane na mwenyewe kama kanzu.

Jambo lenyewe tunaliita mlalo. Iweke fimbo chini, unyayo wake ukae sawa juu ya ardhi, kisha utazame mpini unavyoinuka. Kwa mtu mfupi mpini hulala sana kumwelekea yeye. Kwa mtu mrefu hutakiwa usimame zaidi. Sasa huyo Chirau wenu akishika fimbo ya mfupi, mikono yake iko juu, basi kisigino cha fimbo, upande ulio karibu na mpini, kinanyanyuka na kidole, ile ncha ya mbali, kinachimba chini. Hapo uso wa fimbo hutazama kulia, na mpira hufuata uso. Hana kosa lolote katika kupiga. Chuma ndicho kinachompeleka mikongeni.

Dawa ni kuipinda shingo ya fimbo, pale mpini unapoingia kichwani, ili mpini usimame digrii mbili au tatu zaidi. Baba aipashe moto shingo mpaka iwe nyekundu, aipinde taratibu, aiache ipoe. Kwa Baba ni mchezo.

Lakini kwa nini hakuandika? Hata alipoungua kidole mwaka ule aliandika kwa mkono wa pili, herufi za Kiarabu zimelala kama walevi. Mwambie ninaudai mstari wangu.

Nduguyo,
Zahoro, fundi


Shimoni,
28 Machi 1957

Zahoro, fundi,

Tunasubiri mwezi uandame, na nyumba imejaa harufu ya mchele unaopepetwa. Shangazi amekwisha kutangaza kwamba mwaka huu hafungi na mtu mwenye kununa. Mbuzi wawili wazima.

Ile fimbo yenye namba saba imekufa.

Tulifanya ulivyosema. Shingo ikawa nyekundu, ikapindika vizuri kama mkia wa paka. Kwanza ile rangi ya fedha ikababuka yote, kichwa kikawa na madoa kama nguo iliyomwagikiwa na uwanga. Tukasema si kitu, uzuri haupigi mpira. Chirau akaichukua, akasimama pale uwanjani nyuma ya msikiti, akaweka kifuu cha nazi, akapiga mara moja tu. Kichwa kikalala chini, shingo imelegea kama ya kuku aliyechinjwa. Akakitazama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Akasema, "Basi zimebaki nane." Afadhali angetukana.

Je, una hakika na habari ya moto? Fikiri vizuri kabla hujajibu, maana namba nyingine hatuzigusi mpaka barua yako ifike.

Kwa upande mwingine kuna faida. Nilisema, Baba alisema, kwamba hatuwezi kumkatia mtu nguo bila kumpima. Chirau akasimama wima, mikono imelegea, na tukachukua ukuti, tukapima kutoka kifundo cha mkono mpaka ardhini, tukaukata. Shangazi Mwanamkuu alikaa pale pale akishona kofia ili kusiwe na maneno. Ajabu ni kwamba mikono yake ni ya kawaida tu, urefu wote umo miguuni. Ukuti wake unapita wa mtu mwingine kwa shibiri nzima, nasi tumeutundika ukutani. Alipokwenda zake, Shangazi akauliza, "Huyu ana mke?" Nikamwambia aangalie sindano.

Baba hajambo.

Tumu


Nairobi,
20 Aprili 1957

Dada Tumu,

Shikamoo. Ramadhani njema kwenu, Mola azipokee funga zetu. Huku tunafuturu kwa uji na mkate wa duka. Nikikumbuka mahamri na mbaazi zako, machozi yananilenga, na mafua yanasingiziwa.

Kuhusu namba saba, kosa ni langu. Niliandika kwa haraka. Fimbo hizi hazipashwi moto hata kidogo! Chuma chake ni laini cha kutosha, hupindwa baridi. Moto huharibu rangi na kuondoa ugumu. Mwambieni Chirau nimeomba radhi.

Sasa fuateni hivi, na safari hii nimeuliza, yaani nimehakikisha. Bana kichwa cha fimbo kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania chuma, lakini meno ya jiliwa yasikiguse: weka ngozi nene au vipande vya mti huku na huku. Halafu tengenezeni mtaimbo mrefu wenye mdomo, mdomo ule uikamate shingo. Vuta kidogo kidogo bila kupiga nyundo. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma ukikiachia, basi vuta zaidi kidogo ya unachotaka, kisha pima.

Kupima: paka masizi kwenye unyayo wa fimbo. Mwenyewe asimame juu ya ubao mgumu na apige kama anapiga mpira. Masizi yakifutika upande wa kidole, mpini bado umelala, endelea kuusimamisha. Yakifutika kisiginoni, mmepita kiasi. Yakifutika katikati, acha, usiguse tena. Ndani ya bahasha hii kuna pembe ya karatasi ngumu ya kulinganishia, imekatwa hapa karakana.

Nina mawili ya kuuliza. La kwanza: Baba tangu lini anapima kwa ukuti? Baba hupima kwa jicho, na mtu akimletea futi huitupa baharini. Nani aliyempima huyo mtu?

La pili: katika barua zako jina la Chirau nimelihesabu. Nimeishia njiani.

Nduguyo,
Zahoro


Shimoni,
12 Mei 1957

Mdogo wangu,

Idi imepita salama. Shangazi alivaa kanga mpya, mbuzi mwenye jina lako akaila pindo. Sasa ndipo jina lilipomkaa.

Mtaimbo tumeupata kwenye chuma cha nanga mbovu. Kuutoboa ule mdomo kulichukua siku tatu. Halafu tukafunga namba tisa kwenye jiliwa ya Baba, huku ngozi ya kiatu na huku ngozi ya kiatu, tukavuta. Hakuna kilichotokea. Tukavuta tena. Zahoro, chuma baridi kina kiburi: kinakaa, kinakaa, mpaka unadhani umeshindwa, halafu unakisikia kinakubali mkononi, kama mtu anayepumua. Ukikosa kuusikia huo mpumuo umepita kiasi. Namba tisa tuliipita, ikabidi kuirudisha. Namba nane ikakaa sawa mara ya pili. Hizo sita nyingine zimechukua wiki moja, maana kila moja Chirau lazima aje, asimame juu ya ubao, apige, tuyatazame masizi, aende, arudi. Kutoka Diani kwa baiskeli si karibu. Hajalalamika.

Namba tano ndiyo iliyotusumbua. Masizi yalikuwa yanafutika kidoleni, kidoleni, kidoleni, na mikono yangu imejaa malengelenge. Mwishowe yakafutika katikati kabisa, duara dogo kama nukta ya wino. Chirau akageuza fimbo juu chini akaonyesha kama mtu anayeonyesha mtoto wake mchanga. Akaupiga mpira ule wa kweli aliokuja nao. Ukaenda mbele. Mbele tu, Zahoro, juu ya paa la msikiti, tukautafuta mpaka adhuhuri na imamu akatusaidia.

Wewe kuhesabu majina ya watu kwenye barua ndiyo kazi ya fundi?

Baba anakusalimu.

Tumu


Nairobi,
2 Juni 1957

Tumu,

Shikamoo. Leo sina habari za mafua wala blanketi.

Ijumaa msikitini nilikutana na Waziri, mtoto wa jirani zetu, yule aliyeajiriwa relini. Karudi kutoka Shimoni juzi. Aliniona tu akanishika mkono: "Pole, ndugu yangu. Mzee naye Mungu atamwinua." Nikamwuliza anasema nini. Akashtuka kuliko mimi. Akaniambia Baba hajashika nyundo tangu Desemba, mkono wa kulia umelala, na maneno hayamtoki.

Desemba! Barua ngapi umeniandikia tangu Desemba? "Baba hajambo." "Mkono una kazi." Nilikuwa natembea mjini nikicheka peke yangu kwa habari za mbuzi, na baba yangu amelala.

Na kama Baba hashiki nyundo, fimbo zinapindwa na nani? Malengelenge nimeyasoma, usifikiri sikuyasoma.

Nijibu kwa posta ya kwanza. Nitaacha kazi nije kushika karakana ya Baba. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile.

Zahoro


Shimoni,
20 Juni 1957

Zahoro mdogo wangu,

Una haki ya kukasirika. Kaa chini, nitakueleza yote.

Ilikuwa asubuhi, tarehe kumi na mbili Desemba. Baba alikuwa anafua kitasa cha mlango wa madrasa. Nikasikia nyundo imenyamaza katikati ya mapigo, na wewe unajua yeye haachi chuma kikiwa chekundu. Nilimkuta amekaa chini, ameiegemea fuawe anayofulia chuma, mdomo umekwenda upande. Daktari alikuja akasema ni kiharusi. Uhai anao na akili yake yote anayo. Mkono wa kulia na ulimi ndivyo vilivyobaki nyuma. Anakula vizuri, anakasirika vizuri, na Shangazi akisema uongo Baba hufumba macho.

Nilishika kalamu nikuandikie siku ile ile. Nikasema, "Baba, namwita Zahoro." Akatikisa kichwa mpaka akalia. Nikaitaja Nairobi, nikataja kazi yako, akatulia. Kwake yeye, mwanawe kuwa fundi wa karakana ya Wazungu ni jambo kubwa kuliko mkono wake. Barua yako ile unamojiita fundi nilimsomea mara nne kwa kutaka kwake. Sasa ningekuitaje?

Na nyumba haikai bila moto. Nilianza na ndoana, kisha visu, kisha misumari. Tangu utoto nilikuwa navuta mivukuto wewe ukicheza, nikiona kila pigo. Nilijenga ua wa makuti mbele ya karakana. Wateja hukaa na Baba barazani, hudhani amekuwa mkimya kwa uzee. Nikiulizwa nani anafua, nasema binamu kutoka Pemba. Binamu huyo amesifiwa sana.

Chirau alijua mwezi wa tatu. Alikuja mapema kuliko tulivyoagana, akamkuta Baba barazani na akasikia nyundo nyuma ya ua.

"Hodi. Mhunzi yuko wapi?"

Nikajibu kutoka ndani, "Amepumzika."

"Na nyundo anapiga nani?"

Nikaiweka nyundo chini. Akangoja, kisha akasema, "Basi anayepiga aambiwe kuwa mkono wake ni mwepesi, na chuma kinampenda. Mimi nakaa hapa na mzee." Akakaa. Hakuchungulia. Siku ile ndipo nilipotoka na uso wenye masizi nikampima mwenyewe.

Usije kwa hasira, Zahoro. Na usije kuninyang'anya nyundo kwa sababu wewe ni mwanamume. Ukija, uje kwa ajili ya Baba.

Tumu


Nairobi,
14 Julai 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Idi Kubwa imenipita nimekaa na barua yako. Nilianza kukujibu mara tatu.

Nilitaka nikulaumu kwa uongo. Nashindwa, kwa sababu mimi si fundi.

Kazi yangu hapa ni kufunga ngozi kwenye mipini, kupiga mipini ya mti rangi ya kung'arisha, na kufagia vumbi la chuma. Fundi anayepinda ni Nzai, Mgiriama, yuko hapa miaka kumi na miwili. Mimi ninaona tu, tena kwa pembeni, kwa sababu Nzai hapendi kutazamwa. Habari ya kupasha moto nilijitungia mwenyewe. Nilimwona siku moja anapasha moto fimbo, nikadhani anapinda, kumbe alikuwa anayeyusha gundi ya mpini. Namba saba ya Chirau nimeiua mimi.

Baada ya hapo nilimwendea Nzai nikamwambia kweli. Alicheka, kisha akanieleza yote niliyokuandikia, na pembe ile ya karatasi aliikata yeye. Tangu siku hiyo kila barua yako ilipofika alitaka nimsomee. Ile ya chuma kinachopumua aliniambia niirudie. Akasema, "Huyo babako anajua. Mimi ilinichukua miaka miwili kuusikia huo mpumuo." Juzi nikamwambia si Baba, ni dada yangu. Akafuta mikono, akaenda kwenye sanduku la vichwa vikuukuu, akanitolea namba saba, iliyofuliwa na fundi yule yule aliyezifua fimbo za Chirau. Bwana Sindano ameiruhusu itoke. Mpini nimeutia mimi na ngozi nimeifunga mimi. Hilo ninalijua. Waziri anakuletea pamoja na barua hii. Mlalo wake ni wako.

Zahoro


Shimoni,
30 Agosti 1957

Zahoro mpenzi,

Umewahi kuniona nikimdhania mtu ni fundi kabla sijaiona kazi yake? Tangu namba saba ilipolala chini nilijua. Nilingoja useme. Lakini ufungaji wako wa ngozi ni mzuri, hauchubui kidole wala hautelezi jasho likija. Chirau amesema hivyo, sikukuongezea.

Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyopita. Bwana Kidevu alituma gari lake dogo lije kutuchukua, mimi na Shangazi, na Baba tukamweka mbele kwa mito miwili. Kumi na wawili walicheza. Mashimo ni tisa, unazunguka mara mbili, na kandokando ya kila shimo hakuna nyasi bali mchanga uliotiwa mafuta, umelainishwa kwa reki. Watu wa Mombasa walikuja na viatu vyenye misumari. Chirau alicheza peku.

Kila alipoinua fimbo nilikuwa naiona shingo yake, ile niliyoivuta mimi, nikisema moyoni, isirudi, isirudi. Mpira ukaenda mbele. Kila mara mbele. Mikongeni hakwenda hata mara moja siku nzima, na wale wavulana wa Diani waliozoea kumcheka wakawa wanatembea nyuma yake kimya. Kwenye shimo la kumi na nne alipiga kwa namba saba yako. Ukaangukia hatua mbili tu kutoka shimoni, na Shangazi akapiga kigelegele, akaambiwa kwenye gofu hakuna vigelegele, akapiga cha pili.

Alishindwa kwa pigo moja. Shimo la mwisho, mpira u karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye mtungi, ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka. Mtu wa Mombasa akachukua kikombe. Chirau alisimama akitazama, kisha akacheka, akaenda kumpa mkono. Bwana Kidevu akamwambia yule mshindi, basi kazi ya ualimu ni yako. Yule akauliza atalala wapi, akaonyeshwa nyumba kule nyuma ya mikonge, akamwona kenge mlangoni. Akasema Mombasa kunamtosha. Chirau ndiye mwalimu tangu Jumatatu.

Bwana Kidevu alizitazama fimbo moja moja. "Fundi nani?" Chirau akanyoosha mkono mbele ya watu wote: "Fundi ni Tumu binti Abdulrahim wa Shimoni. Yule pale amesimama na shangazi yake." Bwana Kidevu akacheka akidhani ni mzaha. Mkewe hakucheka. Alikwenda garini akatoa mfuko wake, akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono ili nipime. Ni mfupi, kimo cha Shangazi! Fimbo zake zote zimesimama mno, mpira unamkimbilia kushoto. Nina kazi mpaka Oktoba, na ua wa makuti nimeubomoa.

Sasa lile ulilokuwa unalihesabu. Jumatano alikuja Mzee Rai, mjomba wa Chirau, na wazee wawili, wakaleta posa. Baba aliwasikiliza. Walipomaliza hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Nikasema mbele yao kwamba Baba na fuawe watahamia Diani pamoja nami, au hakuna harusi. Mzee Rai akaguna. Akaja kutuambia asubuhi yake kwamba Chirau ameanza kusimamisha nguzo za karakana, na chumba cha kulala bado hakijapimwa.

Maneno ya ndoa Baba hawezi kuyatamka. Nakuhitaji wewe uyaseme. Tumeweka baada ya Maulidi, Mungu akipenda.

Dada yako,
Tumu


Nairobi,
15 Septemba 1957

Dada Tumu,

Shikamoo, na hongera. Chirau mimi nimemkubali tangu aliposema zimebaki nane.

Nimeaga kazi. Bwana Sindano alinipa mkono, Nzai alinipa jiliwa ndogo na kukutumia salamu kama anamtumia fundi mwenzake. Nitashuka Mombasa tarehe mbili Oktoba, nivuke Likoni, nipande basi la Shimoni. Ndoa nitaisimamia kwa ulimi wa Baba.

Baada ya hapo naomba kazi kwako. Najua kufunga ngozi na kutia mipini. Kuvuta mivukuto nitajifunza, wewe ulikuwa unavuta mimi nikicheza. Usiniite fundi mbele za watu mpaka uone mwenyewe kama nafaa.

Liko jambo moja siliwezi. Nimejaribu kulisema hapa chumbani, peke yangu, mbele ya ukuta, na limekataa. Kabla sijafika mwambie Baba kwamba sikuwa fundi. Mwambie miaka yote hii. Nikimkuta analijua, nitaweza kuingia mlangoni. Nikimkuta hajui, nitarudi na basi lile lile.

Zahoro


Shimoni,
24 Septemba 1957

Zahoro,

Nimemwambia. Nilikaa karibu yake nikamsomea barua yako ya Julai mstari kwa mstari, na nilipofika pale pa gundi uliyodhani ni kupinda fimbo, nikaona bega lake linatikisika. Nilidhani analia. Nikamshika mkono. Baba anacheka, Zahoro! Mdomo upande mmoja tu, lakini anacheka, na sauti inatoka. Tangu Desemba hatujaisikia. Shangazi ameacha sufuria jikoni na kuja mbio, na imamu amesimama njiani anauliza kuna nini.

Sasa hivi ninapoandika amenyamaza kidogo, halafu analikumbuka, anaanza tena.

Njoo.

Tumu